Wanyama Anaogopa Wanyama

Saa nane usiku, Kamukuywa. Mvua imeachana na mabati
lakini migomba bado inadondosha,
na mwanangu yuko wima katikati ya kitanda
kama kigingi, macho wazi, hajaamka.
"Mama, yuko ndani ya sufuria."
Nani?
"Bata mzinga. Amevaa koti la baba."

Ana miaka minne na miezi.
Mchana hupita nyuma ya choo, kwenye upupu,
azunguke boma zima ili asikutane na huyo bata mzinga
anayejaza kifua upepo na kufagia vumbi kwa mbawa.
Mbuzi humkwepa kwa sababu ya macho:
"Yamelala, Mama. Macho yake yamelala ubavu."
(Nilikwenda nikatazama. Kweli, yamelala.)
Mjusi wa ukutani, siafu, paka wa jirani
anayekuja kuomba omena bila kubisha hodi,
wote amewafungulia kesi,
na usiku kesi zote husikilizwa kwa pamoja.

Shuleni wameshalipata la kusema:
Wanyama anaogopa wanyama!
Hata Mwalimu Nelima alicheka, akajifanya anakohoa.
Lakini jina si letu, ni la babu yake.
Siku tatu mtoto alilia, titi hataki,
shangazi akamtajia marehemu mmoja mmoja
hadi alipofika hilo. Akanyamaza. Akanyonya.

Basi nikaketi, nikampakata, shuka limelowa,
nikamweleza kama mtu mzima:
Jina lako si la wenye meno.
Babu alizaliwa siku ya sherehe, fahali amechinjwa,
kila chungu kijijini kinatokota nyama,
ndipo wakamwita Wanyama. Ni jina la shibe.
Akatulia. Nikadhani nimeshinda.
Koroboi ikapepesuka.
"Kwa hivyo mimi ni nyama?"

Ewe ulimi.

Sikuwa na neno jingine. Baba yake yuko njiani na lori la saruji,
simu haipatikani tangu Jumanne,
na mimi pia nina mnyama wangu, hana jina,
hulala upande wa ukutani.

Nikambeba mgongoni kwa leso, mkubwa hivyo,
miguu inaning'inia hadi kwenye magoti yangu,
nikavaa gambuti, nikachukua tochi,
tukatoka.

Zizini, Rispa amelala juu ya mabua ya mahindi.
Nikaiziba tochi kwa vidole, mwanga ukatoka mwekundu.
Mguu wa nyuma wa Rispa ukaruka. Ukaruka tena.
Sikio likatikisika pasipo na nzi,
kisha akaguna kidogo, kama mtoto.
"Anafanya nini?"
Anaota.
"Ndoto mbaya?"
Sijui. Inaonekana anakimbia.
Akafikiri. Kidevu chake kilikuwa begani mwangu,
nikahisi kila wazo likipita.
"Anamkimbia nani?"
Ningesema chui wa Mlima Elgon. Ningesema fisi.
Nikasema: Labda wewe.

Hakucheka.
Aliunyosha mkono, akaurudisha, akaunyosha.
Sitadanganya, hakumgusa.
Alisema tu, polepole, vile mimi humwambia yeye:
"Rispa. Rispa. Ni mimi tu."

Asubuhi godoro liko juu ya ua,
linaanika doa lake mbele ya majirani,
simu bado haijalia,
na yeye amepita tena nyuma ya choo, kwenye upupu,
magoti yanawasha.
Lakini kabla hajazunguka,
akiwa salama nyuma ya mlango, nusu ya uso nje,
nilimsikia akimuuliza bata mzinga:
"Na wewe, jana uliota nini?"